Nilichora madirisha zaidi ya mia na jiji halikuonekana

Picha ya kwanza nilihesabu madirisha, naanza na hilo kabisa ili ujue unasoma habari za mtu wa aina gani. Jengo la kushoto 48, la kona 36, yaliyobaki sikumbuki, nikayachora yote kwa rula moja moja jioni tatu mfululizo, na nilipomaliza kupaka rangi nikarudi nyuma hatua mbili tatu kuangalia nikaona kitu kama daftari la hesabu lenye vyumba vyumba. Jiji hamna.

Rangi za maji nilikua nimezichezea kama miaka miwili hivi. Maua, matunda, bakuli, siku nikijisikia sana nachora mti. Watu wananisifia, na sifa nazo zinalevya. Sasa rafiki yangu mmoja akawa anahamishwa kikazi, akaniambia bwana wewe si unachora, hebu nichoree haya ninayoyaona kwenye dirisha la ofisi, miaka saba nayatazama kila asubuhi, nataka niondoke nayo. Ofisi yake iko ghorofa ya tano. Ukisimama pale unaona barabara inaenda moja kwa moja mpaka mbali, majengo ya zamani pande zote mbili, moja la kona lina mnara wa saa, na kule mwisho kuna maghorofa marefu ya siku hizi yanafifia kwenye ukungu. Nikamwambia hiyo ndogo, nipe wiki mbili.

Ilichukua miezi mitatu na karatasi tano, brashi yangu moja nzuri ikafa, na kuna kipindi nilikua naona simu yake inaita naiangalia tu.

Karatasi ya kwanza kwanza. Nilitumia lile daftari la kuchorea nililokua nalo, gramu 190 kwa mita moja ya mraba, karatasi ya kawaida ya massa ya miti. Kwa maua ilikua inanitosha maana ua unapaka kidogo, linakauka, unaendelea. Mjini kuna anga, na anga linataka maji mengi kwa mpigo mmoja, nilipoyamwaga tu karatasi ikaanza kujikunja kama bati, rangi ikakimbilia mabondeni ikatuama huko, na ilipoanza kukauka maji ya kwenye dimbwi yakarudi nyuma yakaacha yale madoa yenye kingo za kuchanua kama koliflawa. Koliflawa tatu angani. Halafu kuna suala la raba, yaani pale nilipokosea dirisha nikafuta, nikakosea tena nikafuta, uso wa karatasi ulishaumia bila mimi kujua, rangi ilipopita hapo ikanyonywa ikawa nyeusi zaidi ya pembeni, ukuta mzima ukawa na mabaka. Na penseli niliibonyeza kwa nguvu, ukishapaka rangi juu ya penseli ndo imetoka hiyo, huifuti tena. Siku hizi nachorea kwanza kwenye karatasi ya ovyo, nafuta huko mpaka nichoke, ikikaa sawa ndo nahamishia kwenye karatasi nzuri kwa mkono mwepesi.

Nikanunua karatasi ya pamba asilimia mia, gramu 300. Ni ghali, sitakudanganya, ni mara kadhaa ya ile nyingine, ila ukinunua shiti kubwa la sentimita 56 kwa 76 ukalikata mara nne unapata vipande vinne vya 28 kwa 38, inakua afadhali kuliko kununua daftari, na nyuma pia panachoreka. Kuna zenye uso laini, zenye vipele vya wastani na zenye vipele vikubwa. Kwa majengo chukua wastani. Hiyo laini inavutia kwa mistari ila rangi inateleza juu yake, anayeanza ataumbuka. Kama kuna sehemu moja ya kutumia hela basi ni hapa, sio kwenye brashi wala kwenye boksi la rangi 48. Rangi za bei ya chini kwenye karatasi nzuri unaweza ukatoka na kitu, ila nimejaribu kinyume chake na sikutoka na chochote.

Karatasi ya pili basi, nzuri, nimeibandika kwenye ubao kwa tepu pande zote nne, najisikia fundi. Na picha ikatoka majengo yanaanguka. Sikuelewa kwanini. Nilikua nimesoma juu juu mambo ya perspektivi, kwamba mistari inayoenda mbali na wewe inakutana kwenye nukta moja, nikaiweka nukta yangu pale barabara inapoishia, nikavuta mistari ya mapaa yote ikishuka kuelekea pale. Kila paa linashuka. Nilikaa na hiyo picha siku mbili naiona inaumwa ila siuoni ugonjwa wenyewe.

Kumbe kosa ni kwamba nilichora kama mtu aliyesimama barabarani wakati mimi nilikua ghorofa ya tano. Ile nukta inakaa kwenye mstari wa usawa wa macho yako, na macho yangu yalikua juu. Maana yake jengo lililo refu kunizidi, mistari ya paa lake inashuka kuelekea nukta, lakini jengo fupi ambalo mimi naliangalia kwa juu, mistari yake inapanda. Inapanda! Nilirudi pale ofisini nikasimama dirishani nikanyoosha penseli mbele ya jicho moja nikaipima mistari ya mapaa, na kweli nusu ya mapaa yalikua yanapanda na mimi nilikua nimeyatazama wiki nzima bila kuyaona. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa kuchora, kabla ya jengo lolote, ni mstari wa macho. Uvute kwa penseli hafifu toka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Mambo haya yana uzito wake jamani, Turner mwenyewe, yule Mwingereza wa mandhari za mawingu na moto, alikua profesa wa perspektivi kwenye Royal Academy kule London kuanzia 1807, kwahiyo yale maukungu yake tunayoyaona kama kamwaga tu yametoka kwa mtu aliyekua anafundisha mistari.

Jengo la kona lina nukta mbili, upande mmoja unakimbilia kushoto na mwingine kulia, na mara nyingi moja inaangukia nje ya karatasi kabisa. Mimi naweka ubao mezani, nabandika pini pale nukta inapoangukia, hata kama ni nusu mita kutoka kwenye karatasi, nafunga uzi, kisha nauvuta uzi juu ya karatasi kila nikitaka kujua mstari uende wapi. Kizamani ila haikosei. Na madirisha kwenye ukuta unaokimbia usiyagawe kwa rula sawa sawa, yatakua yamekaa kama stika. Chora ukuta wote kwanza, vuta mistari miwili toka kona hadi kona, pale inapokatana ndo katikati ya ukuta kwa jicho, ingawa kwa rula haitakua katikati, nusu ya karibu itakua pana kuliko ya mbali. Kila nusu igawe tena hivyo hivyo. Saa ya mnarani nayo nilihangaika nayo kwa sababu nilikua nachora duara, wakati duara kwenye ukuta wa pembeni linakua yai. Chora mraba wake kwanza, nao ukimbilie mbali kama ukuta wenyewe, vuta mistari ya kona hadi kona, halafu yai likae humo ndani.

Neno moja kuhusu picha za simu maana najua wote tunazitumia. Nilipiga picha nikiwa nimeinamisha simu kuelekea barabarani, kumbe simu ikiinama kuta zilizosimama wima zinaanza kubanana kwa chini, na mimi nikazinakili hivyo hivyo. Vivuli pia simu inavifanya vyeusi tii, ukiwa pale kwa macho yako unaona ndani ya kivuli kuna bluu, kuna zambarau, kuna joto joto karibu na barabara pale mwanga unapogonga lami unarudi juu. Tumia simu kukumbuka, ila nenda pale angalau mara moja na penseli uandike pembeni ya mchoro kivuli kina rangi gani.

Sasa karatasi ya tatu. Hii ndo iliyonikalisha chini.

Mchoro ulikua mzuri, niseme ukweli, majengo yamesimama, mnara uko wima. Nikawaza safari hii lazima nitunze weupe, fremu za madirisha, mapambo ya juu ya kuta, waya, kila kitu. Kuna ile gundi ya mpira ya kuzibia, unaipaka pale unapotaka pabaki peupe, inakauka, unapaka rangi juu, baadae unaibandua. Nikaipaka saa nzima na brashi yangu nzuri ya manyoya, ile niliyonunua baada ya kujibana miezi. Hakuna aliyeniambia kwamba unatakiwa kutumia brashi ya kutupa, au angalau uisugue kwenye sabuni kwanza. Gundi iliganda ndani ya manyoya ikawa kama mswaki wa mawe. Nimeiloweka, nimeichana, imekufa. Halafu nikapaka rangi, nikaona inachelewa kukauka, nikachukua draya ya nywele nikaiwasha ya moto. Ule moto uliifanya gundi ing'ang'anie karatasi, nilipoanza kubandua ikatoka na ngozi ya karatasi, fremu za madirisha badala ya kuwa nyeupe zikawa na manyoya manyoya, na zile chache zilizosalimika zilikua na kingo kali kali zisizofanana na kitu kingine chochote kwenye picha. Juu ya hayo nilikua nimechanganya rangi tano sita kupata kijivu cha kuta, zikatoa tope. Sio kijivu, tope, maji ya kuoshea deki.

Nilikaa sakafuni. Unajua kitu kinaitwa kuona aibu peke yako, hamna mtu chumbani ila unaona aibu? Ndo hiyo. Nikaweka vifaa vyote kwenye boksi, na kama wiki tatu sikugusa brashi. Rafiki yangu kapiga, sijapokea. Baadae nikamwandikia ujumbe kwamba kazi inaendelea vizuri.

Kilichonirudisha ni picha moja ya zamani sana, ya Thomas Girtin, mwenzake Turner, wamezaliwa mwaka mmoja 1775 na huyu akafa 1802 akiwa na miaka 27 tu. Mwaka 1800 alichora mto Thames pale Chelsea jioni, mto mpana, anga kubwa, mji uko kwa mbali kama mstari tu wa kivuli, na katikati ya yote kuna nyumba moja nyeupe inawaka. Nikaivuta kwenye simu kuikuza, nikaikuza zaidi. Ile nyumba ni kama karatasi tupu, imeachwa wazi, na inawaka kwa sababu kila kitu kinachoizunguka kimetulizwa. Dirisha la maana hakuna. Nikaangalia karatasi yangu ya tatu ambayo bado ilikua ukutani na madirisha yake mia na ushee, nikaelewa kwamba nimekua nachora vitu vilivyomo mjini, mji wenyewe sijaugusa. Nikifumba macho nusu pale kwenye dirisha la ofisi sioni dirisha hata moja, naona maumbo mawili tu, lililopigwa jua na lililo kivulini.

Basi nikaacha karatasi kubwa. Nikachukua vipande vidogo vya ukubwa wa kiganja, rangi moja tu iliyokolea, nikachora ile ile mandhari kwa ngazi tatu, peupe ya karatasi, kijivu cha kati, na giza. Dakika kumi kila kimoja. Nilifanya kumi na moja. Cha nane ndo nikaona kwamba asubuhi jua likitoka kushoto, pande zote zenye kivuli za majengo ya kushoto zinaungana na kivuli kilicholala barabarani na kivuli cha mnara, vyote ni umbo moja refu kama pande la mkate lililomegwa, haina haja ya kuchora jengo moja moja. Ukiniuliza ni muda gani ulilipa kuliko wote kwenye miezi mitatu hii ni zile jioni mbili za vipande vidogo, na ndo kitu nilichokua nakiruka siku zote kwa kuona ni mambo ya wanafunzi.

Rangi nazo nikazipunguza. Kijivu chote cha picha kimetoka kwenye rangi mbili, bluu ya altramarini na ile kahawia ya siena iliyochomwa. Usiangaike na majina maana kila kampuni ina lake, angalia kodi, yaani zile herufi na namba za rangi zilizoandikwa kwenye tyubu, PB29 ndo hiyo bluu na PBr7 mara nyingi ndo hiyo kahawia. Bluu ikizidi unapata kivuli cha baridi, kahawia ikizidi unapata ukuta wenye joto, zikiwa nzito zote unapata giza linalokaribia nyeusi ila lina uhai, na chembe za hiyo bluu zinazama kwenye vishimo vya karatasi zinatoa uso kama wa plasta ya zamani bila wewe kufanya chochote. Nyeusi ya tyubu weka mbali. Na kama unampa mtu picha aitundike, epuka nyekundu ya alizarini yenye kodi PR83, inapauka kwa mwanga.

Karatasi ya nne ilikaribia sana mpaka inauma kuisimulia. Mpako wa kwanza mwepesi, toka angani ukashuka moja kwa moja juu ya majengo mpaka barabarani bila kusimama kwenye mipaka, nikiacha weupe pale jua linapogonga mapaa na upande mmoja wa mnara. Nikaacha ikauke yenyewe. Kujua kama imekauka usiguse kwa kidole, weka mgongo wa mkono, ukisikia ubaridi bado kuna maji ndani hata kama uso haung'ai. Kisha ukaja mpako wa kivuli, ule mmoja mkubwa, ubao umeinuliwa kidogo kwa kitabu ili rangi ishuke na ushanga wake wa maji ukingoni, wewe unaufuata tu kwenda chini. Nilikua katikati ya jengo la tatu, simu ikaita. Yeye. Nikaona nimekwepa sana nikapokea, dakika nne tu, nimerudi ukingo umeshakauka, kuna mstari mgumu umekatisha ukuta. Ningeuacha. Nikarudi na brashi yenye maji kuulainisha wakati karatasi ina unyevu nusu, koliflawa ikachanua katikati ya jengo kuu.

Kwahiyo sasa kabla ya mpako wa kivuli simu inaenda chumba kingine, rangi nachanganya mara mbili ya ile ninayodhani inatosha maana ikikuishia katikati huwezi kupata rangi ile ile tena kwa haraka, na naamua kabla nitapumzikia wapi, yaani kwenye kona ya jengo ambapo ukingo mkali unaruhusiwa, kamwe sio katikati ya ukuta. Doa likishachanua liache likauke kabisa, ukilishughulikia likiwa bichi unalilisha.

Ya tano niliifanya siku mbili tu. Ajabu eh, miezi mitatu halafu siku mbili. Kivuli nilikipaka kizito kuliko nilivyotaka kwa macho kwa sababu rangi ya maji ikikauka inapauka, ukiiona iko sawa ikiwa mbichi basi kesho itakua imechoka. Kikiwa bado kibichi nikadondoshea kahawia kidogo karibu na barabara, ikasambaa yenyewe. Maghorofa ya mbali nikayafanya mepesi, yana bluu kidogo, umbo tu bila kitu ndani, maana hewa inafanya hivyo hivyo kwa vitu vya mbali. Madirisha nimechora kama ishirini hivi, mengi kwenye jengo la kona karibu na mnara, tena hayajakamilika, mengine ni mkwaruzo mmoja wa juu pale kivuli cha fremu kinapoangukia, na kadri unavyotoka pale ndo yanapotea. Watu kule chini ni nukta na kivuli chake. Waya mbili tatu na antena niliziweka mwishoni kwa rangi nyeupe nzito, kuna wanaosema huo ni wizi kwenye rangi za maji, ila Sargent, yule mchoraji mkubwa wa Kimarekani, alikua anaitumia nyeupe nzito kwenye zake za Venice, mimi ni nani.

Ina makosa. Jengo la pili kulia limeinama kidogo, na yai la saa ni nene. Nilitaka kuanza ya sita, nikajizuia maana tarehe ya kuondoka ilikua imebaki siku nne.

Nilimpelekea ofisini akiwa anafunga maboksi. Aliishika muda mrefu, ya kuinama hata hakuiona, akaweka kidole kwenye upande wa kivuli, pale ambapo nimepaka mpako mmoja tu na hakuna kitu, akasema umekumbuka mpaka hili dirisha lenye pazia la kijani, huyu mama alikua anamwagilia maua yake saa mbili kamili kila siku. Nikaitikia tu.

Ile karatasi ya tatu iliyochanika ninayo bado. Nyuma yake ndo najaribia rangi.